Mbuzi au Tohe

Mfupa wa kale ukiusaga hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Mara ya kwanza niliisikia katika chumba chetu cha kazi pale Kibaha, nikageuka kutazama kama kuna mtu amesahau pasi juu ya nguo. Sasa nimeizoea, hata naipenda. Ikinijia macho yananilegea, na kwa kitambo kidogo chumba kinajaa wanyama. Tohe wamesimama karibu na sinki, kuro anakunywa maji kwenye ndoo ya kudekia, na mimi nimekaa katikati yao na koti langu jeupe, sisemi kitu nisije nikawakimbiza. Halafu mtu anafungua mlango kuuliza chai iko wapi, na wote wanaondoka.

Mimi si mtaalamu, nisieleweke vibaya. Ni msaidizi wa maabara, mtu wa kuosha, kukata na kubandika namba kwenye vichupa. Mifupa yetu mingi inatoka Gwata, kwenye mashimo ya wafyatua tofali upande wa Mto Ruvu. Wao wanachimba udongo, sisi tunawafuata nyuma tukiokota wanachokitupa, na mara nyingi wanatucheka. Wana haki ya kucheka. Ni vipande vya kukatisha tamaa, vingine havizidi ukucha, na hakuna wa kukwambia kama huu ulikuwa ubavu au mguu. Lakini ndani ya mfupa kuna protini, ile inayoushika usivunjike kama chaki, na protini ya kila jamii ya wanyama imepangwa kwa namna yake. Tunachukua kipande kama punje ya mchele, tunakisaga na kukilaza kwenye asidi nyepesi, tunakipasha moto taratibu, tunatia dawa ya kuikatakata hiyo protini, kisha vichupa vinasafirishwa nje ya nchi kwenye mashine inayopima uzito wa vile vipande. Kwa uzito huo tunajua kwamba huyu alikuwa kiboko, huyu nyati, huyu kondoo wa mtu. Mfupa unaweza kusahau umbo lake lote na bado ukakumbuka ulikuwa wa nani. Si kila mara, lakini. Joto la pwani halina huruma, na vichupa vingi vinarudi na jibu kwamba protini imekwisha, hakuna lililosikika.

Yote haya ni kwa sababu mradi wetu unarudisha mabonde yaliyokufa, na anayetaka kurudisha kitu hana budi kujua kwanza kilikuwa kitu gani. Wapo wanaoamini kwamba dawa ya kila ardhi iliyochoka ni kupanda miti. Wanapiga picha na miche, wanapigiana makofi, wanaondoka. Kumbe pengine pale hapakuwa na msitu tangu dunia iumbwe. Palikuwa na maji, matete, na wanyama wanaopenda miguu yao ilowe. Ukipanda mikaratusi mahali kama hapo unakausha hata kile kidogo kilichobaki, na mimi nikifikiria hivyo damu inanichemka.

Bonde mojawapo lililokuwa likibishaniwa ni la nyumbani kwetu, Kibuta, wilaya ya Kisarawe, nyuma ya nyumba ya mama. Watu wa zamani walichimba mifereji miwili kulitoa maji wapate kulima. Maji yakatoka, yakaendelea kutoka, na mashamba yenyewe hayakudumu. Nilipokuwa mtoto palikuwa bado na unyevu wa kutosha kushika alama ya unyayo mpaka jioni. Siku hizi ni nyasi kavu na vumbi. Kamati ya kijiji ilitaka kupanda miti ya mbao. Mkuu wetu wa mradi, binti mdogo kwangu kwa umri lakini kichwa chake kimetulia, alikuwa akiwaomba wangoje kidogo, kwa sababu yeye aliamini lile lilikuwa bonde la matete. Wakamwuliza ushahidi uko wapi. Wazee tuliowauliza hawakukubaliana. Mmoja alisema palikuwa msitu mnene, mwingine akasema palikuwa shamba la babu yake na tunataka kumdhulumu. Mifupa tuliyoichimba mle bondeni ilirudi kimya yote, udongo wa pale ni mkali. Ulihitajika mfupa mmoja tu unaosema.

Mimi naishi Mlandizi, na Kibuta huwa nakwenda mwisho wa juma kumwona mama. Mama yangu amevuka miaka themanini, au hajavuka, inategemea siku unayomwuliza. Siku hiyo nilimkuta barazani na ungo wa choroko mapajani, anazichambua. Nikaamkia, akaitikia, nikakaa kwenye mkeka nikaanza kumweleza habari za kazi kama kawaida yangu. Nilikuwa namsimulia vile vipande vya Gwata na ile mashine ya ng'ambo. Nilidhani hasikilizi.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu akikupa kipande cha mfupa, wewe unaweza kujua kama ni mbuzi?"

"Si mimi mama, mashine. Mimi kazi yangu kuosha vyombo, kama hapa kwako."

Hakucheka. "Mbuzi au tohe. Inaweza kuvitenganisha hivyo viwili?"

Nikamwambia inaweza. Mkono wake ukabaki juu ya zile choroko, hauchambui tena. Ndipo akaniambia habari ambayo nilikuwa nimeijua vipande vipande maisha yangu yote bila kuijua.

Kabla yetu sisi alizaliwa mtoto wa kiume. Nyumbani aliitwa yule wa mwanzo, basi. Alizaliwa mwaka wa njaa, wakati mbuzi walikuwa wamekufa na waliobaki hakuna aliyekubali kuachana nao. Siku ya saba ilipofika, baba alimwambia mama kwamba mbuzi wa akika, ile sadaka ya kumchinjia mtoto mchanga, amepatikana na atachinjiwa bondeni, karibu na maji. Mama alikuwa ndani, mwanamke wa uzazi, hatoki. Aliona tu makapu ya nyama yakipita mlangoni, tayari imekatwa kwenye viungo, mifupa mizima, kwa maana mfupa wa akika hauvunjwi. Akasikia harufu ya pilau ikipita juu ya ukuta. Watu walikula wakamwombea mtoto dua. Yeye hakuonja. Kwetu wazazi hawali nyama ya akika ya mtoto wao, na mama hakuwa mtu wa kuvunja mila kwa tonge moja. Baada ya chakula baba alikusanya mifupa yote, akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuizika nyuma ya nyumba chini ya mkorosho. Mtoto hakufika arobaini.

"Basi nikajua nimemfanyia," mama akasema. "Nikatulia na hilo. Miaka yote nimetulia na hilo."

Alitulia mpaka khitma ya baba. Siku hiyo shangazi yangu, dada yake baba, aligombana naye juu ya kanzu za marehemu, nani apewe ipi. Maneno yakapanda. Mama akasema jambo kuhusu dini, kwamba mirathi ina utaratibu wake, na shangazi akamjibu mbele za watu: "Leo unajifanya mjuzi wa dini, na mwanao mlimfanyia akika ya tohe!"

Walipatana baadaye. Shangazi alikuja na sahani ya vitumbua, wakala wakalia. Lakini mama hakumwuliza lile neno lilikuwa la kweli au la hasira. Hakumwuliza kwa sababu angejibiwa. Sasa na shangazi naye ametangulia, na wale waliokula pilau ile hakuna aliyebaki. Na hata wangekuwepo, mwaka wa njaa nani anauliza mchuzi ukoo wake?

Tohe ni halali kuliwa, hakuna anayebisha. Lakini akika ni mbuzi au kondoo, mnyama wa kufugwa aliyetimia. Mnyama wa porini hata awe mnono namna gani, hiyo si akika, ni kitoweo. Na masheikh wanasema mtoto yuko rehani mpaka achinjiwe.

"Nitafika kule," mama akasema, "nitakuta watoto wanawapokea wazazi wao, kila mmoja na maji yake mkononi. Wangu atakuwa amekaa pembeni. Ananiona, hawezi kunyanyuka."

Nilitaka kumwambia kwamba Mungu hana duka la rehani. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamtazama uso, nikalimeza. Alikuwa anaogopa kweli, mama yangu ambaye nimemwona akiua nyoka kwa mwiko.

Hapo ndipo nilipouona mtego niliokalia. Mfupa ukiwa wa mbuzi, mama angepumzika. Ukiwa wa tohe, bonde lingepata shahidi wake, kwa maana tohe haishi msituni wala penye vumbi. Anaishi kwenye matete na majani marefu, hapotei mbali na maji. Tohe aliyechinjwa bondeni Kibuta ndani ya umri wa mama yangu ndiye aliyekuwa akitafutwa na mkuu wangu kwa tochi mchana. Niliomba awe mbuzi, na ninataka hilo lieleweke. Niliomba baada ya kila sala. Ila kuna upande wangu mmoja, ule unaovaa koti jeupe, ambao ulikaa kimya wakati wa dua na haukusema amina.

Tulichimba baada ya alasiri, mimi na yeye tu. Mkorosho ulikuwa bado upo, umezeeka umelalia tawi lake. Mama aliketi kwenye kigoda, akanielekeza kwa kidole bila kusita, akasema bismillahi, nami nikaanza kuondoa udongo kwa mwiko mdogo wa kuchimbia tunaotumia kazini. Jua lilikuwa linapita kwenye majani, linaanguka mgongoni mwangu kwa mabaka. Kwa mbali kulikuwa na mtu anatwanga. Nilichimba kama mtu aliyelala nusu, na kwa muda niliona kama tunachimba ili tumtoe mtoto mwenyewe, tumfute mchanga usoni tumpe uji.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha zamani. Mifupa ilikuwepo, rangi ya majani ya chai, laini, ncha zake zote zimeliwa na mchwa na mizizi ya mkorosho. Hapo mtu hata awe bingwa wa mifupa asingeweza kusema kitu kwa macho, maana zile ncha ndizo zinazomtambulisha mnyama, na kichwa hakikuwemo. Lakini niliweka mwiko chini nikaitazama. Ilikuwa imepangwa, mirefu kwa mirefu, mbavu zimelazwa pamoja upande mmoja. Baba yangu alikuwa amechuchumaa hapahapa na kuipanga.

"Umevunjika hata mmoja?" mama akauliza. Alikuwa ametazama pembeni.

"Hapana mama. Mchwa tu. Mkono wa mtu haukuvunja."

"Ni mikubwa au midogo?"

"Mama, mbuzi dume na tohe jike hawapishani sana. Tungoje."

Nikachukua kipande cha ubavu, kifupi kuliko kidole changu. Iliyobaki tukaifunga kwenye kitambaa kipya cheupe alichokuwa amekuja nacho amekificha ndani ya kanga, tukairudisha, tukaifukia.

Kazini nilimwambia mkuu wangu yote, tangu pilau mpaka vitumbua. Alisikiliza huku akikizungusha kifuniko cha kalamu. Nilimwona macho yakimwaka pale nilipotaja tohe, na nilimwona akijitahidi kuyazima.

"Dada," akasema, "kama hutaki, tusikipeleke. Hiki si mfupa wa mradi. Bonde litatafuta ushahidi mwingine."

"Kipeleke."

"Na majibu yakija?"

"Niambie mimi kabla hujamwambia mtu."

Nilikisaga mwenyewe. Nikawasha ile mashine ndogo ya kusagia, unga mweupe ukaanza kudondoka, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda. Safari hii chumba hakikujaa wanyama. Nilikaa nikisubiri waje, mbuzi au tohe, mmoja aingie mlangoni tujue moja. Hakuja yeyote.

Kisha ukaja ule muda wa kungoja. Asubuhi nikitoka Mlandizi kwenda kazini, ukungu wa Ruvu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na ndani yake nilikuwa naona migongo. Natazama kupitia dirisha la basi, naona shingo, naona masikio. Jua likichomoza wanakuwa ng'ombe wa mtu, au mafungu ya majani yaliyofyekwa. Nilijua wazi kwamba ni majani, na kesho yake nilitazama tena.

Mama naye alikuwa anaota. Alinipigia simu mchana, kila mara akianza kwa kuuliza kama nimekula.

"Nimemwota kaka yako. Amekuja barazani, ana ndevu nyeupe. Kwani si angekuwa mzee sasa? Ananiamkia shikamoo, na mimi naona haya kumwitikia, maana ana mvi kuliko mimi."

"Ukamwitikia?"

"Nikamwambia aingie ndani, jua kali. Akasema hawezi mpaka aruhusiwe."

Siku nyingine alimwota ni mchanga, amelala ndani ya jani la mgomba juu ya maji, bonde lote maji, na matete yanamwinamia. Alinisimulia hiyo kwa raha, akisahau kabisa kwamba ni huzuni. Nami nilisimama kwenye varanda ya ofisi na simu sikioni, nikaliona bonde limejaa, maji meusi yaliyotulia, na nilishindwa kumwambia kwamba hilo ndilo bonde tunalotaka kulirudisha.

Majibu yalikuja mchana mmoja wa mvua za rasharasha. Mkuu wangu alinigusa bega, tukatoka nje tukasimama chini ya upenu.

"Mashine haisemi tohe moja kwa moja," alisema. Alikuwa anakwenda polepole, kwa heshima. "Inasema jamii ya tohe na kuro. Lakini kuro ni mnyama mkubwa, na ubavu ule ni mdogo. Kwa hiyo ni tohe, dada. Mbuzi si yeye kabisa. Mbuzi na kondoo wangeonekana mara moja."

Furaha ndiyo iliyotangulia. Nasema kweli, niliisikia ikipanda kifuani, tohe wa Kibuta, tohe wetu, aliyesimama kwenye maji nyuma ya nyumba tuliyozaliwa. Halafu nikakumbuka ubavu ule ulikuwa umelazwa wapi na kwa ajili ya nani. Nikaenda kwenye sinki nikaosha vichupa vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi nilipanda bodaboda kutoka Kisarawe mjini. Kijana alikuwa na maneno mengi njia nzima, "Mama mkubwa, mbona umepoa hivyo, nani kakuudhi tumfuate?" Nilimwambia akanyage mafuta anyamaze. Kibuta nilimkuta mama ameketi palepale barazani, na alipoona sina mkononi ule mfuko wa mkate ninaomletea kila mara, akajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

"Ni tohe."

Upepo mdogo ulipita kwenye mkorosho. Kuku walikuwa wanachakura.

"Mwongo," mama akasema.

"Mama, mashine haina sababu ya..."

"Si wewe. Yeye!" Akainuka, bila kushika kitu, mtu ambaye siku zote huinuka kwa kunishika mimi. Aliingia ndani, akatoka na fimbo ya baba iliyokuwa nyuma ya mlango tangu afe, akaiegemeza ukutani nje, mvua ikija iinyeshee. "Miaka yote ile analala ubavuni mwangu. Anakula ugali wangu. Asubuhi ananiuliza nimeamkaje! Nikimlilia mtoto wangu ananiambia, tulia, huyo ameshatimiziwa. Kwa uso huohuo!"

Nilijaribu kumtetea. Baba yangu nilimpenda, na nilikuwa nimeiona ile mifupa ilivyopangwa. Nikamwambia ulikuwa mwaka wa njaa, mbuzi hakuna, siku ya saba imefika, na yeye aliingia kwenye matete peke yake kumtafutia mwanawe kitu cha kuwapa watu waliomwombea.

"Angesema. Ningemwambia tungoje. Akika hungoja, mwanangu. Unaifanya mtoto akiwa hata mtu mzima." Sauti ikamkatika. "Mtoto ndiye hakungoja."

Akalia. Sikuwa nimemwona akilia hivyo, mdomo wazi, bila kujifunika. Nilimkumbatia pale barazani na kanga yake ikanilowa begani, na nilichukia kazi yangu, nilizichukia mashine na watu wote wanaotaka kujua mambo.

Kwa siku nyingi baba akawa anaitwa yule. Yule hakupenda chumvi. Yule ndiye aliyeupanda huo mchungwa usiozaa. Mimi nilikuwa nimemwomba ruhusa ya kupeleka habari ya tohe kwenye kamati, nikitegemea atanifukuza. Alisema, "Peleka. Angalau huyo mnyama aliyechinjwa asiwe amekufa bure." Mkuu wangu akaenda Kibuta, akaweka karatasi za majibu mezani, akaeleza, na wanakamati wakatazamana. Yule mzee wa msitu mnene akasema sasa anakumbuka, palikuwa na matete kidogo. Mwenye shamba la babu akasema babu yake alilima pembeni. Wakakubaliana mikaratusi iende kwingine, na mifereji yote miwili izibwe. Watu walitoka na majembe. Mvua za masika zilipokuja maji yakakosa pa kukimbilia, yakakaa. Mama alisimama uani akayatazama yaking'aa huko chini, hakusema zuri wala baya.

Kisha asubuhi moja akanipigia. Safari hii hakuuliza kama nimekula.

"Nimeongea na mwalimu wa madrasa. Anasema mtoto aliyekwisha kufa, wapo wanazuoni wanaokubali achinjiwe na wapo wasiokubali."

"Sasa?"

"Sasa mimi niko na wanaokubali. Tafuta mbuzi wawili."

Nilitafuta Mlandizi mpaka nikawapata, wazima, hawana kilema masikioni wala kwenye pembe. Watu wakaja, majirani, watoto wa shangazi, mkuu wangu naye akaja amejifunga ushungi ambao haukuacha kumteleza. Kina mama walikuwa wamekwisha kubandika maji ya mchele. Mama alivaa kanga mpya, akaketi mbele, karibu na mahali pa kuchinjia, tofauti na siku ile nyingine aliyofungiwa ndani na kusikia harufu tu. Alisema safari hii ataona kwa macho yake ni mnyama gani. Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo.

Mbuzi wa kwanza akalazwa, uso wake ukaelekezwa kibla. Mwalimu akakunja mikono ya kanzu, akashika kisu, akainua kichwa.

"Akika hii ni ya nani? Jina la mtoto?"

Watu wakanitazama mimi, mtoto wa nyumba, na mimi sikuwa nalo. Nimeishi nusu karne na kaka ambaye sijui anaitwa nani. Nikageuka kwa mama.

Akalitaja. Ni jina la kawaida tu, la watu wengi. Nimewahi kuwauzia watu wa jina hilo maandazi, nimesoma nao, mmoja alinichumbia nikamkataa. Lakini alivyolitaja yeye, nilimwona kaka yangu ameingia kati yetu, amesimama.

"Bin?" mwalimu akauliza.

Mwalimu alimjua baba, Kibuta yote ilimjua. Angeweza kujisemea mwenyewe akamaliza. Lakini nia ilikuwa ya mama, akamwachia mama. Na mke wa rika lake hataji jina la mumewe. Sisi watoto tulizaliwa tukakua hatujawahi kulisikia mdomoni mwake. Alimwita baba watoto, na tangu ule mfupa alikuwa akimwita yule.

Mbuzi akapiga kwato. Mama alikuwa ametazama chini kwenye mikono yake. Aliivuta kanga juu ya kichwa, akaiweka sawa mabegani, akainua uso. Akalitaja jina la baba yangu, taratibu, lote, mbele za watu, na mwalimu akashusha kisu shingoni mwa mbuzi.